Siku Niliyoiachia Khanga ya Mama

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza fanya jambo moja dogo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, ukandamize kidogo mpaka usikie mapigo. Usiyahesabu. Yasikilize tu, kama unavyosikiliza nyayo za mtu anayepita nje ya dirisha. Usipoyapata mara ya kwanza usijali. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huhangaika nayo nusu kipindi. Mmoja aliwahi kuniambia, "Madam, mimi nadhani sina," darasa zima likacheka, na baada ya muda kidogo akayapata.

Umeyapata? Basi nikueleze ni nani anayeuambia moyo ukimbie, na ni nani anayeuzuia usikimbie mpaka ujiue. Nafundisha mambo haya chuoni, huku Nyegezi, kwa vijana watakaokuwa matabibu na wauguzi. Lakini chuo hakikunifundisha kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Hicho nilikipata kwa mama yangu, aliyenipiga tangu nikiwa na miaka minne, na ambaye asubuhi moja kule mwaloni nilikaribia kumuua kwa kufungua vidole vyangu tu.

Mama alikuwa mpiganaji. Simaanishi kwamba alipambana na maisha, ingawa hilo nalo alilifanya. Namaanisha alipigana. Alipiga kwa kofi, kwa mwiko, kwa ndala, na mara moja kwa sangara mzima aliyemshika mkia kwa mikono miwili. Kuna mwanaume mtaani kwetu mpaka leo ana kovu kutoka sikioni hadi karibu na mdomo. Alimshika mama kiuno akiwa ameinama anaparua samaki, na mama aligeuka na kisu kilekile cha kuparulia. Alipomaliza alirudi kwenye samaki wake. Damu ya yule bwana na ya samaki zilichanganyika kwenye ubao, mama akazimwagia maji kwa pamoja.

Kazi yake ilikuwa kununua sato mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapofikia, kuwakaanga na kuwauza karibu na stendi ya mabasi. Baba alishafariki, na nilikuwa mtoto wake wa pekee. Nikiwa darasa la pili niliacha mlango wazi, paka wa jirani akaingia akaburuta samaki watatu. Mama alinipiga mpaka ndala ikakatika kamba. Aliitupa, akatafuta ya pili. Nakumbuka mlio wake kwenye mgongo wangu kuliko maumivu yake. Kisha, kama alivyofanya siku zote, alisimama ghafla, akanivuta, akanikandamiza kifuani kwake na kusema, "Haya, basi. Basi. Utakula nini?"

Hapo ndipo nilipousikia. Sikio langu lilikuwa juu ya moyo wake. Mdomo wake ulishapoa, unaniuliza kama nataka ugali au viazi. Mikono yake ilishapoa, inanipangusa kamasi. Lakini moyo bado ulikuwa unapigana. Ulidunda kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga mlango. Tulikaa pale mpaka mafuta yakaanza kuungua jikoni, na bado ulikuwa unagonga. Nilimwambia, "Mama, moyo wako haujaacha." Akanisukuma taratibu. "Huo nao una kichwa kigumu kama wewe."

Alikuwa na njia yake ya kufundisha, bila kujua kwamba anafundisha. Siku nyingine alimkata sato kichwa mbele yangu, akampasua tumbo, akatoa matumbo, na kwenye ubao kikabaki kitu kidogo chekundu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Kilikuwa kinadunda. Samaki hana kichwa, hana tumbo, na moyo wake unaendelea na kazi peke yake juu ya ubao. Nilipiga kelele. Mama aliutazama, akausogeza kwa ncha ya kisu.

"Umeshakufa huo. Haujaambiwa tu."

Nimesimama mbele ya madarasa mengi nikisema jambo hilo kwa maneno marefu zaidi. Moyo unadunda wenyewe. Hauhitaji ubongo uuamuru kila pigo. Kinachotoka kwenye ubongo, kupitia mishipa ya fahamu, ni habari tu: ongeza, punguza. Mishipa inayosema "ongeza" inashuka kwenye uti wa mgongo, inapita pembeni ya shingo na kifua, na kuishia kwenye nyama ya moyo kwa ncha nyingi nyembamba sana. Ukiona nyoka, ukitukanwa, mtu akikushika kiuno, ncha hizo zinamwaga kitu kinachoitwa noradrenalini. Moyo ukikipokea, unakimbia na kukaza ngumi. Ipo mishipa mingine inayosema "punguza", nayo ina kazi yake. Lakini mimi nilichotaka kukijua tangu darasa la pili ni kwa nini wa mama, ukishaanza, haukomi.

Ili ulielewe jibu, lazima nikupeleke mwaloni kwanza.

Pale kwetu kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote. Mtumbwi ukikaribia, wanawake wanaingia majini kuufuata, hadi magotini, hadi kiunoni. Atakayetangulia kuweka beseni lake ndani ya mtumbwi ndiye anayechagua samaki kwanza. Unaweza kufikiri mwenyewe ni ugomvi kiasi gani unatokea hapo kila siku. Mabeseni hurushwa, nywele hung'olewa, kichwa cha mtu hushikiliwa chini ya maji mpaka mapovu yatoke. Kwa hiyo kila mwanamke anakuwa na mshika khanga. Wewe unajifunga khanga kiunoni, kibwebwe, na ncha yake moja inabaki nyuma. Mwenzako anasimama mgongoni kwako ameizungusha ncha hiyo kwenye ngumi yake. Ugomvi ukiwaka, anavuta.

Mshika khanga hasemi kitu. Haulizi nani alitangulia, wala hamtukani mtu. Hata yule unayepigana naye hamgusi. Anakuvuta wewe tu, wa upande wake, ili kile ulichotaka kukimwaga kitoke nusu. Unapiga kelele, "Niachie nimuue!" na kila mtu pale anajua kwamba maana yake ni usiniachie. Kwa hiyo mtu anasema maneno makali sana akiwa na uhakika kwamba kuna mkono nyuma.

Wa mama alikuwa jirani yetu, mjane wa fundi cherehani, mwembamba, mtulivu, anayeswali swala zote tano. Nilimwita mama mkubwa ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Mikono yake ilikuwa kama waya. Mama alikuwa na kilo nyingi kumzidi, na katika miaka yote ile sikuwahi kuona khanga ikimponyoka.

Sasa rudi kwenye moyo. Kwenye zile ncha za mishipa ya fahamu, zinazomwaga noradrenalini, yupo mshika khanga. Ni gesi. Inaitwa oksidi ya nitriki, na inatengenezwa ndani ya mishipa hiyohiyo inayopiga kelele. Inatengenezwa kidogo sana, inaishi sekunde chache, inapotea. Ncha ya mshipa ikitaka kumwaga, lazima kwanza kalsiamu iingie ndani yake. Oksidi ya nitriki inapunguza kuingia kwa hiyo kalsiamu, basi kinachomwagwa kinapungua. Angalia vizuri ilipo kazi yake hapa: haiuzibi moyo masikio usisikie. Inamvuta nyuma yule anayeupigia moyo kelele. Na kwa upande wa pili, kwenye mishipa ya "punguza", gesi hiyohiyo inasaidia sauti ya upole itoke vizuri zaidi.

Kwa watu wengine mshika khanga huyo ni dhaifu. Waliochunguza wanyama wadogo waliozaliwa kwenye ukoo wa presha wamekuta kwamba udhaifu huo upo mapema, hata kabla presha yenyewe haijapanda. Neva, yaani ule mshipa wa fahamu, inamwaga na kumwaga, na mkono wa nyuma hauvuti. Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Hakuna aliyempima ncha za neva. Lakini siku niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikausikia tena ule mgongo wangu ukiwaka na ule mlango ukigongwa.

Mama alipofika umri wa miaka sitini na kitu, kifua kilianza kumbana. Akipanda mlima wa kwetu na beseni kichwani ilibidi aegemee jiwe. Hospitalini tuliambiwa mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba, na presha iko juu. Daktari, kijana mpole, alimpa vidonge vya kumeza kila siku, na chupa ndogo ya kioo ya vidonge vidogo sana vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Akamwambia, "Mama, shikamoo yangu haina faida kama utaendelea kupigana. Ugomvi mmoja mkubwa unaweza kukuondoa."

"Marahaba," alisema mama. "Na wakinichokoza?"

"Usijibu."

Mama alinigeukia. "Huyu hajawahi kununua samaki."

Vile vidonge vya chini ya ulimi, mwilini vinatoa ileile oksidi ya nitriki. Si kwamba vinakwenda kwenye neva kumtia nguvu mshika khanga. Kazi yao kubwa ni kulegeza mishipa ya damu, moyo upate damu na upunguziwe mzigo. Lakini ni jamaa moja, na nilipomweleza mama alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. "Kwa hiyo huyu ni mshika khanga wa kukodi," alisema.

Tatizo likawa chupa. Alikataa kutembea nayo. "Nikianguka itanipasua. Nikipigana watanipasulia." Nilimweleza kwamba vidonge hivyo ni vya kukaa ndani ya chupa ya kioo, kifuniko kikazwe, vikikaa kwenye hewa na joto vinapoteza nguvu, na maji yakivigusa vinayeyuka. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa ncha ya khanga yake, ile ambayo wanawake wote wa kwetu hufunga sarafu, funguo, panadol, kila kitu cha thamani, akaninyooshea. "Nifungie humu. Humu hakijawahi kupotea kitu."

Nikafunga. Mimi, mwalimu, nilitoa vidonge sita kwenye chupa yake, nikaviweka kwenye pindo la khanga, nikakaza fundo kwa meno. Nilijiambia bora awe navyo vibaya kuliko asiwe navyo kabisa. Chupa ikabaki kabatini pembeni ya vikombe vya wageni, kama pambo.

Asubuhi ninayotaka kukueleza nilikuwa nimekwenda kumchukua kwa ajili ya kliniki. Nilimkuta mlangoni ameshajifunga kibwebwe.

"Mama, leo ni kliniki."

"Kliniki haikimbii. Mtumbwi unakimbia. Mama mkubwa wako amekwenda Kisesa msibani, utanishikia wewe."

"Mimi?"

"Una mikono au huna?"

Tulishuka. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mawe na mwalo ulikuwa umejaa. Nilivua viatu, nikakunja sketi ya kazini, nikaingia majini nyuma yake, nimeizungusha ncha ya khanga kwenye ngumi ya kulia mara mbili kama nilivyoona ikifanywa tangu utotoni. Wanawake walinicheka. "Leo bibi kaja na profesa!" "Mwalimu, ukivuta andika na ripoti!" Mama naye alicheka. Mtumbwi ukaja, wanaume wanne ndani yake, na mama akawatangulia wote. Aliweka beseni lake la kijani juu ya samaki.

Mbebaji mmoja, mtu mrefu mwenye mabuti ya mpira, alikuwa amesimama majini ameshika ubavu wa mtumbwi. Alikuwa ameshamwahidi mnunuzi wake mzigo wote. Akaliinua beseni la mama kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya, akalitupa nyuma yake.

"Mayu, shikamoo. Mzigo huu una mwenyewe. Rudi nyumbani ukaote jua."

Wasukuma humwita hivyo mama mtu mzima, na kwa kawaida ni neno la heshima. Yeye alilisema kama anamtemea.

"Beseni langu liokote," mama alisema.

"Liokote mwenyewe. Au umri haukuruhusu kuinama?"

"Liokote, nyang'au wewe, kabla sijakuokotesha meno!"

Aliruka mbele. Nikavuta. Nilisikia uzito wake wote ukining'inia kwenye kifundo cha mkono, na nilikuwa nimekaza miguu kwenye mchanga, na nilikuwa nafanya vizuri. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nafanya vizuri. Mama alikuwa anarusha ngumi hewani, anatukana ukoo mzima wa yule bwana, na khanga imekaza kama kamba ya ngoma. Ingeishia hapo. Kwa kawaida huishia hapo.

Yule mbebaji akanitazama mimi. Akacheka, akawageukia wenzake. "Mwalimu, mkaze vizuri mbuzi wako huyo, asije akala mboga za watu."

Nikaangalia mkono wangu. Kweli ilionekana hivyo. Kitambaa kimenyooka kutoka kwenye ngumi yangu hadi kiunoni kwa mama yangu, naye mwishoni anaruka, na watu wote wa mwalo wanacheka. Masikio yangu yalijaa kelele. Mapigo nilikuwa nayasikia kwenye ufizi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichora ubaoni kinachotokea dakika kama ile, kwa mishale na rangi, na hata mshale mmoja haukunijia kichwani. Nilitaka tu yule mtu aumie.

Watu niliwaambia kwamba khanga ilikuwa imelowa ikaniponyoka. Haikuniponyoka. Nilifungua vidole.

Mama hakutegemea. Alikwenda mbele kama mtu aliyesukumwa, akamwangukia yule bwana kifuani, wote wawili wakaingia chini ya maji. Walipoibuka mama alikuwa amepata kasia. Alimpiga nalo usoni. Nilisikia pua ikivunjika. Inatoa sauti kama ya kuvunja muwa. Akampiga tena begani. Yule bwana alimshika shingo kwa mkono mmoja na kumzamisha, akampandisha, akamzamisha. Wanawake wakaanza kunipigia mimi kelele, si wao. "Mshike! Kwa nini umemwachia? Mshike mama yako!" Nilikwenda. Nilimuuma yule bwana mkono mpaka nikaonja damu. Sijui nani alinipiga kiwiko jichoni. Maji yaliyotuzunguka yalikuwa ya rangi ya waridi, na magamba ya samaki yanaelea juu yake.

Kisha mama akaacha kupigana.

Aliacha ghafla, kama zamani alivyokuwa akiacha kunipiga. Kasia likaanguka. Alikaa majini, maji yakimfika kifuani, ngumi yake imekandamizwa katikati ya kifua. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho juu ya maji. Alinitazama na kusema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Mwanangu. Nifungulie."

Nilitafuta pindo. Fundo langu lilikuwa palepale, limekaza, nililikaza kwa meno. Nikalifungua kwa meno. Ndani hakukuwa na vidonge. Kulikuwa na ujiuji mweupe kiasi cha kupaka kucha moja, na ziwa liliumaliza nikiwa nautazama. Nililamba vidole nikavipaka chini ya ulimi wake. Ulikuwa upumbavu, nilijua, nikafanya hivyo hivyo.

Aliyemtoa majini ni yule mbebaji. Nilisikia akisema kwa pua iliyojaa damu, "Pisheni! Pisheni jamani, mayu anakufa." Alimbeba mgongoni kama gunia la dagaa, akapanda naye mchanga, damu ya pua inamtiririka mwenyewe kifuani na kulowesha mikono ya mama iliyomzunguka shingo. Niliwaambia wasimlaze chali, wamkalishe, ameegemea. Ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa siku ile. Tulimpakia kwenye bajaji, yule bwana mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, na safari hii sikio langu lilikuwa juu ya moyo wake kama zamani. Haukuwa unagonga. Ulikuwa unatapatapa kama samaki aliyemwagwa mchangani, bila mpango.

Mapokezi hospitalini walimrarua gauni mama. Macho yake yaligeuka. Muuguzi mmoja, mwanamke mfupi, alipanda juu ya kitanda akaanza kumkandamiza kifua kwa nguvu zote, nikasikia mbavu zikilia. Wakaleta mashine, wakasema tusogee, na mama yangu akaruka kitandani kama mtu aliyepigwa teke kutoka chini. Mara ya kwanza haikusaidia. Wakampiga tena kwa umeme. Mwili ule ambao haukuwahi kupigwa na mtu bila kurudisha, ulipokea. Baada ya mara ya pili mstari kwenye kioo ukarudi kuwa mapigo.

Yule bwana alikuwa amesimama ukutani na pamba mbili puani. Aliniuliza, "Ni mimi nimemfanya hivi?"

Nilipaswa kumwambia ukweli wote. Nilisema, "Si wewe peke yako."

Mama alitoka wodini baada ya wiki mbili na mbavu tatu zilizovunjika. Daktari yule mpole alinieleza kilichotokea, na nilimwacha anieleze kama vile sijui. Hasira na maji baridi na kukabwa vilizifanya neva zimwage kila zilichokuwa nacho juu ya moyo wenye njaa ya damu, ukachanganyikiwa. Akamwongezea dawa nyingine, ambayo yenyewe ndiyo inauziba moyo masikio, ili kelele zikipigwa usizisikie zote. Mama anailalamikia. "Nakasirika mpaka hapa tu," anasema akionyesha kooni, "halafu inagoma." Anaisema kama mtu aliyeibiwa.

Nilimwambia ukweli siku ya tatu kule wodini, akiwa bado na mipira puani. Nilisema, "Mama, haikuniponyoka." Nilitegemea kofi, na kwa kweli nililitaka.

"Nilijua. Khanga ikiponyoka inateleza kidogo kwanza. Ile haikuteleza." Akafumba macho. "Alivyoniita mbuzi hata mimi ningeachia. Lakini wewe usiachie. Mimi ni wa kuachia, wewe ni wa kushika. Sasa nani atashika?"

Mama mkubwa alirudi kutoka msibani, akaniita nyumbani kwake, akanifundisha kuzungusha ncha mara tatu na kupitisha kati ya kidole cha pili na cha tatu. Hakunigombeza. Alinivuta tu, kwa mkono ule wa waya, mpaka vidole vikaniuma, akasema, "Ukisikia tusi, angalia mgongo wa mwenzako. Usimwangalie anayetukana."

Mama haingii tena majini. Anakaa kwenye kiti cha plastiki juu ya mchanga, na yule mbebaji humletea samaki achague. Wakionana ni hivi kila siku:

"Shikamoo mayu. Pua inakusalimia."

"Marahaba. Imenyooka?"

"Bado inaangalia Ukerewe."

"Sogea karibu niinyooshe."

Naye anarudi nyuma hatua mbili, kwa sababu mama ana kasia pembeni ya kiti. Nimesimama nyuma yake mara nyingi, nimeishika khanga ingawa amekaa. Pindo halina kitu. Chupa iko shingoni kwake, ndani ya kifuko ambacho mama mkubwa alikishona kwa kipande cha mwamvuli, na kila nikifika nakifungua kuangalia kama kifuniko kimekazwa.

Wewe uliyenisikiliza, sasa toa vidole kwenye mkono wako. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, inuka ukavitazame viko wapi. Kama viko kwenye pindo, kwenye bahasha au kwenye pochi, chukueni vipya, vibaki ndani ya chupa yake ya kioo, kifuniko kikazwe, pakavu pasipo na joto, na chupa iwe karibu na mwenyewe. Siku akishika kifua, mkalishe chini kwanza. Mwekee kimoja chini ya ulimi, asikimeze. Zikipita dakika tano na maumivu bado yapo, mpelekeni hospitali palepale.